Dakika za Kuchuma

Mwanamke aliyeolewa na dereva wa basi la masafa marefu ameolewa na honi. Mume mwenyewe huja na kukatika kama umeme. Hivyo ndivyo Mama Pacha alivyozoea kuwaambia wateja wake, pini zikiwa mdomoni, huku akiwapima mabega watoto walioletwa kushonewa sare za shule. Wateja walicheka, naye alicheka nao. Lakini msione mtu anacheka mkadhani hana kidonda.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, chini ya mteremko mrefu, pale barabara inapomaliza kujipinda na kunyooka. Waliijenga hapo kwa makusudi. Baba Pacha ndiye aliyetoa wazo, wakati pacha wao bado wananyonya. "Tujenge njiani, mke wangu," alisema. "Kila nikipita nitaiona nyumba yangu." Na kweli, aliiona. Aliiona kila siku ya Mungu, kupitia kioo, akapiga honi, akapita. Leo akipanda na basi kwenda mji wa juu, kesho akishuka nalo kurudi mji wa chini, analala huku, analala kule, kwenye vyumba vya madereva vyenye vitanda vya chuma na magodoro yaliyokonda. Hapo katikati, kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, halali ila siku za likizo, na likizo za kampuni ile zilikuwa kama mvua ya kiangazi, unaisikia kwa jirani. Pacha wenyewe walishakua, wako shule ya bweni. Mama Pacha alibaki na cherehani yake, redio yake, na kitanda ambacho upande mmoja shuka lake halikunjiki.

Sasa, mapenzi hayakosi njia. Kampuni ilikuwa na mkaguzi wake kituo cha mbele, bwana mmoja mwenye saa kubwa na uso wa ndimu, na ole wake dereva atakayechelewa kumfikia. Lakini dereva akiwahi hakuna anayemuuliza. Ndipo Baba Pacha alipogundua kwamba siku za kushuka, akikanyaga mafuta vizuri kule mteremkoni, akayapita malori yanayojikokota, anafika chini akiwa na dakika za ziada. Kuna kifaa cha kuzuia mwendo ndani ya basi, ndiyo, kimewekwa kwa sheria. Kilikuwa na waya. Waya hung'olewa.

Basi akawa anafika, anasimama ng'ambo ya nyumba, kondakta anapaza sauti, "Kuchimba dawa! Kuchimba dawa!" Abiria wanashuka kujisaidia, wanaume kichaka hiki, wanawake kile, na dereva anavuka barabara kwenda kunywa chai kwa mkewe.

"Leo nimekuchumia kumi na mbili," angesema akiwa mlangoni, kama mtu aliyekuja na mapera kutoka shambani.

"Hizo tu?" Mama Pacha angejibu, mkono kiunoni. "Juzi ulileta robo saa. Au siku hizi umepata wa kumgawia?"

"Wa kumgawia nani, na suruali ninayovaa umeitia kiraka wewe?"

Wangecheka. Angemmiminia chai kwenye kikombe chake kikubwa, kile chenye mpini uliogundishwa, naye angekunywa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika wake. Kisha honi ya kondakta, na mtu wake huyoo, anavuka barabara mbio. Mama Pacha angebaki amekishika kikombe mpaka kipoe. Alimtamani mumewe hata kabla hajaondoka, ndio ukweli, na kila alipomtania kuhusu dakika chache alikuwa anamwambia, kwa lugha ya wake wanaodeka, kwamba hazimtoshi. Mwanamke kumdekea mumewe, kuna kosa gani? Hata mimi nisingeliona.

Sasa sikilizeni.

Vitambaa vya sare vilikuwa vimemwishia, na Mama Pacha akapanda mji wa juu kununua vingine. Alilala kwa dada yake. Kulipokucha akaenda kituo cha mabasi na robota lake la vitambaa, akatazama, na la kwanza kuliona ni basi la mumewe, limeoshwa, linangoja abiria wa kushuka. Wazo likamjia, akacheka peke yake kama mwari. Asingemwambia. Angekaa kiti cha nyuma kabisa, ajitande kitenge, anyamaze safari nzima. Wakifika nyumbani, mumewe akivuka barabara kukimbilia mlango, yeye angekuwa nyuma yake, amguse bega na kumwambia, "Leo ni mimi niliyekuchumia. Nimekuletea safari nzima."

Bahati ikamsaidia. Baba Pacha alikuwa ofisini anatia saini, na kondakta wa siku ile alikuwa mgeni, hakumjua. Mama Pacha akapenya hadi nyuma. Kiti cha jirani kilikuwa kimekaliwa, kikajaa, na kikamwagika kidogo upande wake. Mwenye kukikalia alikuwa muuza mitumba, mwanamke mcheshi ambaye kondakta alimwita Mama Marobota kwa sababu ya marobota yake yaliyojaza buti.

"Karibu dada, sogea tubanane, mwili ni wa Mungu," alisema Mama Marobota. "Njia hii naijua kama kiganja. Kila wiki nashuka, kila wiki napanda."

Baba Pacha akaingia. Mama Pacha akajifunika hadi puani. Kutoka pale nyuma alikuwa anaona kisogo tu, na sikio moja, na kile kipande cha shingo ambacho yeye ndiye humnyoa akija likizo. Kikatosha. Nawaambia kikatosha! Saa nzima alitazama kisogo cha mtu aliyezaa naye watoto wawili, na moyo ukamdunda kama wa msichana. Alimsikia akiwasalimu abiria kwa sauti ya kazini, nene na ya utani, ambayo hakuwahi kuisikia. Alimwona akimpisha mwenye baiskeli kwa heshima. Akajisemea moyoni: huyu ni wangu, na nyinyi nyote hamjui.

Jua lilipopanda aliona na mengine. Aliona kichwa kile kinainama, kinashtuka, kinanyooka. Aliona mkono unachukua chupa ya maji na kuyamimina utosini. Baba Pacha alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri, na hapakuwa na dereva wa pili wa kumpokea. Wa pili alikuwepo zamani, kampuni ikasema basi moja halihitaji madereva wawili kama vile ng'ombe mmoja asivyohitaji wachungaji wawili. Aliyesema hivyo alikuwa na dereva wa kumwendesha.

Wakafika juu ya mteremko, na mlio wa injini ukabadilika.

Miti ya nje ikaanza kukimbia. Wakalipita lori la kwanza. Wakalipita la pili. Kwenye kona, ule mstari mweupe wa katikati usiokatika, ambao hata mtoto anajua maana yake, ukaja ukapita chini ya basi, ukabaki upande usio wake.

"Dada, jifunge mkanda," alisema Mama Marobota. Ucheshi ulikuwa umemtoka. "Wangu umekatika, lakini wako nimeona una kifungo."

"Kuna nini?"

"Hapa ndipo anapochumia dakika."

Mama Pacha akahisi kama mtu aliyesikia jina lake la utotoni likiitwa sokoni. Neno lile lilikuwa la kwao, la mlangoni kwao, la chai.

"Dakika za nini?" aliuliza kutoka nyuma ya kitenge.

"Kumbe wewe mgeni! Ana mke huko chini, kando ya barabara. Anamwahi. Makondakta wote wanajua, na abiria wa njia hii wote tunajua. Tunaambiwa ni kuchimba dawa, lakini dawa anayeichimba ni yeye." Mama Marobota akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kwa maana kona nyingine ilikuwa imefika. "Mara ya kwanza nilicheka. Nikasema, heri yake aliyependwa, mimi wangu hata akiwa chumba cha pili hanikumbuki. Sasa sicheki. Tazama kulia, tazama chini."

Mama Pacha akatazama. Ndani ya korongo, kati ya vichaka, lilikuwepo gamba la basi, magurudumu hayapo, rangi imebabuka, majani yamepenya madirishani. Alilijua. Lilikuwa la kampuni ileile. Dereva wake, Baba Pacha alimzika, akarudi na macho mekundu na kumwambia mkewe kwamba breki zilikataa.

"Mdogo wangu alikuwa mle," alisema Mama Marobota.

"Pole, dada. Nasikia breki zilikataa."

"Breki zipi! Alikuwa anawahi. Huyo naye alikuwa na la kuwahi, sijui mke, sijui mpira kwenye televisheni. Watu wakatuambia ajali haina kinga. Haina kinga? Kinga ilikuwa kwenye mguu wake." Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyeliweka neno siku nyingi. "Huyo mke wa huyu wetu, sura yake sijawahi kuiona, sisi tukifika tunapelekwa vichakani. Ila siku nikimwona nitamuuliza: mama, hiyo chai yako ina nini hata tuifie sisi?"

Mama Pacha akavuta kitenge hadi machoni.

Mbele yao palikuwa na lori la mafuta, refu, linashuka kwa adabu. Baba Pacha akatoka kulipita. Na huko mbele, baada ya kona, palikuwa na lori jingine limeharibika, limeachwa barabarani, dereva wake ameweka matawi mawili ya majani kama ishara na kwenda zake kutafuta fundi. Upande wa pili gari dogo linapanda. Nafasi ikawa hakuna.

Mtu wa mbele akapiga ukelele. Breki zikalia. Mabegi yakamwagika, dumu la mtu likaruka na kupasuka, na basi zima likainama upande wa korongo kama mtu anayechungulia kisima. Mama Pacha aliona anga dirishani, kisha majani, kisha anga. Halafu likarudi. Likapita kati ya lori na gari dogo kwa upenyo ambao hata sasa sijui niuite nini, likaendelea kushuka.

Kisha mtoto akaanza kulia. Alikuwa kiti cha tatu kutoka nyuma, msichana mdogo amevaa sare ya shule, paji la uso limegonga chuma cha kiti na damu inamchuruzika hadi kwenye kola. Mama Pacha alikitambua kitambaa. Akatambua na mshono wa kola. Alikuwa ameushona yeye.

"Dereva, punguza mwendo!" alifoka mzee mmoja. "Unataka kutuua?"

"Mwacheni!" akajibu mwanamume wa katikati aliyevaa tai. "Si ametuokoa? Kanyaga, baba, mimi nina mkutano!"

Na wengine wakamuunga mkono! Jamani, abiria. Abiria ni kiumbe wa ajabu. Akiwa kituoni anamtukana dereva kwa kuchelewa, akiwa kwenye kona anamwomba Mungu, na akiteremka salama anasifu, "Dereva yule ni chuma." Halafu akizikwa tunasema kazi ya Mungu.

Mama Pacha alikuwa ameshatoa kipande cha kitambaa kipya kwenye robota lake, anambana mtoto jeraha. Mikono yake ilijua la kufanya. Kichwa chake kilikuwa kinasikia sauti moja tu, sauti yake mwenyewe, inadeka mlangoni: Hizo tu? Juzi ulileta robo saa.

Basi likafika chini, likanyooka, likasimama.

"Kuchimba dawa!" alipaza kondakta mgeni.

Abiria wakashuka. Mama yake yule mtoto akambeba kwenda kumnawisha uso kwenye mfereji. Mama Marobota akatoka kupunga hewa. Mama Pacha peke yake ndiye aliyebaki, dirisha lake likitazama upande wa pili wa barabara, ambako kulikuwa na mlango wa buluu, benchi, na kibao kilichoandikwa FUNDI CHEREHANI.

Hakuwahi kuiona nyumba yake kutoka pale. Ilikuwa ndogo.

Akamwona mumewe akivuka. Alipofika ng'ambo alisimama, akajipangusa uso kwa leso, akanyoosha kola, akapumulia kiganja na kujinusa pumzi. Mwanamume mzima! Kisha akatoa kitu mfukoni, karatasi ndogo iliyokunjwa. Vifungo, bila shaka. Kila mara alimletea vifungo. Akabisha hodi kwa ule mbisho wao, miwili ya haraka na mmoja wa kuchelewa.

Kimya. Akabisha tena. Akaliona kufuli.

Wapendwa, kuna kumtamani mtu, na kuna kumwona mtu anavyokutamani wakati hajui kwamba unamwona. Hilo la pili ni zito zaidi. Baba Pacha alilishika kufuli kama anayelipima uzito. Akazunguka, akachungulia dirishani. Akarudi, akaketi kwenye benchi, mahali pale hasa ambapo mkewe hukaa kumngoja, akatazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Akaibana katikati ya magoti, ikaendelea. Siku zote alifika mlangoni akipiga mluzi. Siku zote, kumbe, mluzi ule ulianzia hapo barabarani, na kabla yake kulikuwa na hii mikono.

Machozi yakamtoka Mama Pacha. Alitaka kukimbia amkumbatie. Alitaka chai yake, na kisogo chake, na zile dakika. Zilikuwa pale, zimeiva, zinamngoja avuke tu barabara azile. Na kwenye mfereji mtoto alikuwa bado analia.

Akateremka na robota lake. Mama Marobota akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, dada? Huko ni kwa watu."

"Huko ni kwangu," alisema Mama Pacha, akashusha kitenge usoni.

Mama Marobota akamtazama, akautazama mlango wa buluu, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa na swali lake, na mwenye kuulizwa ndiye huyu. Hakuliuliza. Mama Pacha akavuka barabara.

Baba Pacha alinyanyuka kwenye benchi. "Umetoka wapi? Nilidhani..." Akaliona robota, akalitazama basi, akaelewa. "Ulikuwa mle?"

"Kiti cha nyuma."

"Tangu juu?"

"Tangu juu."

Akajaribu kucheka. "Basi leo nimekuchumia kumi na..."

"Usizitaje." Mama Pacha akaliweka robota chini. "Usinichumie tena, Baba Pacha. Nimeona zinakochumwa."

"Lile lori halikuweka ishara. Matawi mawili! Hata wewe umeona."

"Nimeona. Na nimeona mstari mweupe. Na nimeona unasinzia, unajimwagia maji kama mgonjwa. Lori na kampuni nitawalaumu kesho, nina mdomo wa kutosha. Leo nimekuja kujilaumu mimi. Nilikuwa nakuagiza."

"Hukuniagiza. Nilitaka mwenyewe." Akakaa tena. "Mama Pacha, mkaguzi hanipi hata dakika ya kukojoa. Nisipochuma pale mteremkoni, sisimami hapa. Nisiposimama hapa, nitakuona lini? Niambie. Nitakuona lini mimi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

"Sijui," alisema. "Lakini nataka kukukosa ukiwa hai. Nimezoea kukukosa, nitaweza. Rudisha waya wa watu. Shuka na mteremko kama yule wa mafuta, nyuma ya malori, hata kama watakuzomea. Na usisimame hapa. Ukisimama nitajua umekimbia, na sitakufungulia."

"Hutanifungulia mimi?"

"Wewe."

Honi ikalia. Baba Pacha akatazama saa. "Zimebaki tatu," alisema, kama mtoto anayebembeleza.

"Nenda nazo. Zimalize kwenye kona."

Akampa vifungo, akavuka barabara. Safari hii hakukimbia.

Hapo ningetamani kuwaambia kwamba aliyasikia maneno yale na kuyatii. Lakini ahadi ya mwenye hamu ni kama nadhiri ya mlevi asubuhi. Zamu iliyofuata ya kushuka, Mama Pacha alikuwa anashona, jua bado halijafika kwenye kizingiti, akasikia breki ng'ambo. Mapema mno. Akajua.

Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akakaa chini sakafuni, mgongo mlangoni. Chupa ya chai ilikuwa imejaa, maana mkono una mazoea yake. Akasikia nyayo. Akasikia mluzi.

Miwili ya haraka, na mmoja wa kuchelewa.

"Mama Pacha."

Akauma kitambaa alichokuwa anashona.

"Mama Pacha, nimekuja taratibu leo. Nakuapia. Nimewahi kwa sababu njia ilikuwa tupu."

Jua halijafika kwenye kizingiti. Jua halina mume, halina sababu ya kusema uongo.

"Najua uko ndani, naisikia redio. Nifungulie nikuone tu. Chai sinywi. Nikuone tu."

Alimsikia akikaa chini upande wa pili, mgongo wake ukagonga ubao, na ubao ule mwembamba ukawa ndio uliobaki kati ya mbavu zake na za mumewe. Alisikia anavyopumua. Angenyoosha mkono, komeo lingefunguka. Hajawahi kukitaka kitu maishani kama alivyolitaka lile komeo. Akaikalia mikono yake. Mikono ya fundi, ambayo haikuwahi kukaa bure, ikakaliwa kama mayai mpaka honi ilipolia.

Kikaratasi kikapita chini ya mlango. Vifungo vinne, vyeupe. Nyayo zikaondoka. Basi likaondoka. Mama Pacha akalia kwa sauti, peke yake, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna!" alijibu kwa hasira. "Ndio nauzuia!"

Siku za kupanda, basi lilipita bila honi. Mtu akikasirika akanuna, nani wa kumlaumu? Mama Pacha akashona sare, akakosea kola, akafumua, akashona tena. Alipata habari za mumewe kwa Mama Marobota, ambaye sasa aliposhuka kituo cha mbele alikuwa anadandia gari dogo kurudi hadi kwake, eti amletee vitambaa. Vitambaa vyenyewe vilikuwa kisingizio. Alikuja kumwambia kwamba abiria wa njia ile wameanza kusema kwa sauti, kwamba yeye mwenyewe amefika ofisini kwa meneja na marobota yake na kuyakalia mpaka asikilizwe, kwamba meneja amesema suala la dereva wa pili linafikiriwa. Kufikiri kwa ofisi mnakujua. Lakini alisema pia hili: "Waya umerudi, dada. Juzi tulishuka nyuma ya lori la saruji mpaka chini. Yule mwenye tai alitukana mpaka akachoka."

"Naye alisema nini?"

"Hakusema. Alikuwa ananing'iniza mkono dirishani, anaendesha kama amebeba mayai."

Siku ya kushuka iliyofuata, Mama Pacha aliketi kwenye benchi nje. Saa ambayo basi huwa linafika ikapita. Jua likafika kwenye kizingiti, likakivuka, likapanda mguu wa cherehani. Zamani angekuwa ameshasimama katikati ya barabara, mkono kifuani. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akamwita kwa huruma.

"Mwenzio leo kachelewa."

"Kachelewa!" alijibu Mama Pacha, na lile neno likamjaa mdomoni kama sukari. "Kachelewa sana!"

Kisha akalisikia, huko juu, injini imezuiliwa, inanguruma polepole kona baada ya kona. Likatokea nyuma ya malori mawili, kwenye foleni kama mtoto wa shule. Halikusimama. Lakini gari linalokwenda taratibu hupita kwa muda mrefu, na hilo hakulijua, kwa sababu zamani lilikuwa linafika kama radi. Alikwenda hadi ukingoni na kikombe mkononi, akatembea sambamba nalo, hatua kwa hatua, urefu wote wa uwanja wake. Baba Pacha alimgeukia. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Alikuwa na mvi kidevuni, mpya, ambazo hakuna mtu aliyemwambia.

Hakupiga honi. Aliutoa mkono nje ya dirisha, umenyooka, umefunguliwa vidole. Ulikuwa hautetemeki.

Mama Pacha alisimama ukingoni mpaka basi lilipokuwa doa. Kisha akakaa kwenye benchi, upande wake, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akanywa chai yote ya kikombe kile kikubwa ingali moto.